Kilio cha Bi Jokha

Siku ya pili baada ya Matar kuzikwa, watu wa filamu walipanda ngazi za nyumba moja ya Kilburn kuja kumdai mjane wake machozi. Nasema kumdai, maana hawakuja kuomba. Mwenye kuomba hupiga hodi akangoja aitikiwe. Hawa walipiga hodi huku mmoja wao keshatia mguu ndani na mwenzake anatazama saa.

Aliyetangulia alikuwa Mista Garside, mwongozaji wa filamu yenyewe, mtu mrefu asiyevua skafu hata ndani ya nyumba za watu. Nyuma yake alikuwa Derek, fundi wa kunasa sauti, mnene, mpole wa macho, akihema kwa zile ngazi. Aliyewafungulia mlango ni Soud, mtoto wa pekee wa marehemu, na mara alipowaona aliingiwa na haya. Aliona haya kwa viatu vilivyorundikana mlangoni, kwa moshi wa udi, kwa shangazi yake Bi Zainab aliyekaa chini akimenya vitunguu. Kijana wa miaka ishirini na mbili, kazi yake kuvuta nyaya za taa studio, na hata hiyo ni ya majaribio. Leo bosi wake amefika kwao kwa mara ya kwanza, na kwao ndiko huku.

Mista Garside alitoa pole, moja, fupi. Kisha akauliza, "Mama yuko wapi?"

"Chumbani," Soud alimjibu kwa Kiingereza. "Hawezi kutoka. Yuko kwenye eda."

Ikabidi aeleze. Mjane kwao hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Havai pambo, hajitii manukato, haonani na wanaume wa nje, hatoki ila kwa dharura kubwa. Mista Garside alisikiliza akitikisa kichwa kama anayeelezwa ratiba ya mabasi.

"Naheshimu sana mila zenu," alisema. "Lakini na sisi tuna dharura. Limebaki onyesho moja tu."

Filamu ile ilikuwa na kisa chepesi. Ofisa mmoja wa Kiingereza yuko kisiwani usiku wa mapinduzi. Anamwokoa mtoto, anamwokoa karani mrembo, mwisho anajiokoa mwenyewe. Boi wake anauawa mlangoni, na mke wa boi anakuja kumwangukia maiti na kulia. Mke huyo ndiye Bi Jokha. Walitafuta mwanamke mwenye sura ya visiwani, Soud akawapelekea mama yake, na kwa muda wa wiki mbili mama alikuwa akiingia na trei ya chai na kutoka nayo. Kilio ndicho kilichobaki.

"Na sasa, usinielewe vibaya," Mista Garside aliongeza, akamshika Soud bega, "hana haja hata ya kuigiza."

Soud alilimeza neno hilo. Alikwenda kwenye pazia la mlango wa chumba, akasema na mama yake kutoka nje, kwa sauti ndogo.

"Mama, wanakupa pole. Na wanauliza kama unaweza kwenda studio, one day tu. Watakuletea gari mpaka chini."

"Kufanya nini?"

"Ile scene ya mwisho. Kulia."

"Kumlilia nani?"

"Yule boi, Mama."

Bi Zainab aliacha kumenya vitunguu.

"Mimi Matar sijamlilia bado," sauti ya Bi Jokha ilitoka, kavu, "niende nikamlilie boi wa Mzungu?"

Na ilikuwa kweli. Tangu asubuhi ile alipoletewa habari kwamba mumewe ameanguka kwenye ngazi za stesheni ya treni, Bi Jokha alikuwa hajatoa chozi. Wanawake waliokuja kutoka Ilford na Hounslow walishaanza kunong'ona. Alikuwa akikaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, kanga nyeupe kichwani, akijibu salamu moja moja kama mtu aliyemo kwenye foleni ndefu.

Mista Garside aliongeza malipo. Alipoona pazia halitikisiki, akayaongeza tena. Kisha akamgeukia Soud na kusema kwa upole, ule upole wa watu wanaojua wana nguvu, kwamba yeye Soud ni kijana mzuri sana, na kwamba itakuwa hasara wakishindwa kumpa kazi ya kudumu kwa jambo dogo kama hili.

"Anasemaje?" aliuliza Bi Jokha, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha kiwanda cha biskuti, si cha mazungumzo.

"Anasema wataongeza pesa."

"Na jengine? Nimesikia jina lako."

"Hakuna jengine."

"Basi mwambie trei nilibeba, wakanilipa, tumemalizana. Kilio cha mume wangu hakimo. Sikiuzi, sikikodishi. Mpe chai aende zake."

Soud alitafsiri kwamba mama yake anasikitika sana, hajisikii vizuri. Mista Garside hakunywa chai.

*

"Baba mwenyewe angekwambia nenda," Soud alisema jioni ile, amesimama kwenye pazia. "You know he would. Baba alipenda filamu kuliko chakula."

Hakusema uongo. Matar alikuwa mchanaji wa tiketi katika sinema moja hapo Kilburn, tangu mwaka waliofika kutoka Unguja na sanduku moja. Filamu hakuwahi kuiona yote kwa mkupuo. Alikuwa akichungulia vipande vipande kwa nyuma ya pazia zito, baina ya mteja na mteja, na akirudi nyumbani alimsimulia mkewe nzima, yale asiyoyaona akiyatia kutoka kichwani mwake. Bi Jokha alizijua filamu za Waingereza kwa njia hiyo. Aliijua ya dada wawili wenye duka la kofia, waliompenda mleta barua mmoja wakanuniana miaka chini ya paa moja. Aliijua ya hoteli ya pwani yenye mzimu unaolipa kodi vizuri kuliko wapangaji walio hai. Aliijua ya mabaharia walioganda kwenye barafu, na ya mwalimu wa kike aliyegombana na kijiji kizima kwa ajili ya mti. Matar aliwapa watu wote wale majina ya Kiunguja, ili mkewe asichanganyikiwe.

"Lakini mtu wetu hamo," Bi Jokha alikuwa akimwambia.

"Yumo. Anaingia na trei."

"Na baadaye?"

"Anatoka na trei."

Walikuwa wakicheka mpaka wapangaji wa juu wanapiga sakafu. Na siku mkewe alipochukuliwa na wale watu wa filamu, Matar aliwatangazia sinema nzima, kuanzia meneja mpaka muuza aiskrimu. "Ataingia na trei, najua," alisema. "Lakini ataingia."

"Baba yako alipenda filamu," Bi Jokha alimjibu mwanawe sasa, kutoka ndani, "kwa sababu alijua ni uwongo. Mtu akifa kwenye filamu anainuka anakwenda kula. Nikimlilia Matar mbele ya mashine yao, nitamlilia nani nikirudi hapa?"

"Ni kazi yangu, Mama. Garside alisema watanifukuza."

"Kumbe lilikuwepo jengine," alisema Bi Jokha.

Soud alilishika pindo la pazia.

"Mwanangu, nimepoteza nyumba, nimepoteza nchi, sasa nimempoteza Matar. Sikukuwekea hesabu ya hayo hata siku moja. Hiki peke yake niachie."

*

Hitma ya kumsomea marehemu iliwekwa Jumapili, maana London hapewi mtu ruhusa ya kukosa kazi kwa msiba wa jirani. Siku mbili kabla, Derek alimwendea Soud pale alipokuwa akikunja nyaya.

"Najisikia vibaya kwa siku ile," alisema. "Ningependa kuja kutoa heshima zangu sawasawa. Watu wenu wanakusanyika lini?"

Soud alifurahi. Alimweleza kila kitu: saa, namba ya mlango, basi la kupanda. Alimweleza hata kwamba wanaume wanasoma sebuleni na wanawake wanakaa chumbani, ili mgeni asije akakosea. Mista Garside alikuwa amesimama si mbali, akisoma karatasi zake. Hakuinua macho.

Derek alifika na begi kubwa la turubai. Soud alishuka kumpokea, na kwa kuwa kwao mgeni haachwi akabeba mzigo wake, alilichukua begi lile mkononi mwake. Lilikuwa zito. Alidhani ni kazi za mtu, vyuma vya mtu. Hakuuliza, wala hakuna aliyeuliza juu, maana kwenye msiba haulizwi mtu kilichomleta. Ameingia, amekuja kuzika pamoja nanyi. Utamuuliza nini zaidi? Wapemba wawili walijisogeza mkekani wakampa nafasi. Mzee mmoja akampa mto, kwa kuwa aliona hajazoea kukaa chini. Derek akalivuta begi lake, akaliweka taratibu ubavuni mwake, kando ya pazia la chumba.

Ndani ya begi lile mashine ilikuwa inazunguka.

Tusimame hapo kwanza, tutazame vizuri. Watu wasiopungua thelathini, vyumba viwili, baridi inapiga vioo. Makarani, wapika keki, wauguzi, kondakta wa basi, kila mmoja na juzuu yake mkononi, midomo inakwenda. Na katikati yao mtu mmoja anayekunywa kahawa yao, amepiga magoti kwa adabu, anaiba.

Maalim alipofika kwenye dua alimtaja marehemu kwa jina lake kamili, Matar bin Soud bin Matar, aliyezaliwa Mkunazini akafia ughaibuni. Ndipo nyuma ya pazia Bi Jokha alipopasuka. Hakikuwa kilio cha kupigiwa mfano. Kilianza kwa kikohozi, kikawa mlio mmoja mrefu usio na maneno, kisha maneno yakaja. "Matar! Matar wangu! Umeniacha na nani kwenye baridi hii? Nani atanisimulia, Matar?" Wanawake walimshika, wakamnong'oneza asubiri, asimkufuru Mungu, lakini wenyewe walikuwa wanalia. Bi Zainab alimkumbatia wifi yake akasema, "Mwacheni. Leo ndiyo yake." Sebuleni wanaume waliinamisha vichwa. Soud alifunika uso kwa viganja vyake na alilia kama mtoto.

Derek naye aliinamisha kichwa. Alikuwa anatega sikio.

Ilipoliwa pilau, alikula vizuri, akasifu. Wakati wa kuondoka Bi Zainab alimfungia sahani nzima kwa ajili ya mkewe, na Soud akambebea begi mpaka kituo cha basi.

*

Kazi ya Soud haikupotea. Juu ya hayo, aliandikwa wa kudumu wiki iliyofuata, na Mista Garside alimpa mkono mbele ya watu. Lile onyesho la kilio, aliambiwa, limepatikana kwa njia nyingine. Wamemchukua mwigizaji wa Kiingereza, wakampaka rangi, watampiga picha kwa ubavu. Soud alimweleza mama yake hayo, naye aliyajibu kwa kuinua mabega.

"Wampake wanavyotaka. Mradi hawakuniudhi."

Kwa miezi ile yote aliamini hivyo. Hilo ndilo linalochoma. Kila alipokaa pale kwenye mkeka wake, akimkumbuka Matar, aliona angalau kitu kimoja hakikuguswa na mkono wa mtu.

Eda ilikwisha majani yalipoanza kuota. Bi Zainab alimwogesha, akamvalisha kanga mpya ya rangi, akamtia udi. Siku chache baadaye Soud alikuja na tiketi mbili. Filamu inafunguliwa, kwenye sinema kubwa ya katikati ya mji, na wafanyakazi wote wamealikwa.

"Twende, Mama," alisema. "Jina langu limo mwishoni. Dogo, lakini limo."

Bi Jokha aliona mwanawe anavyong'aa, akaenda. Alivaa koti la marehemu, maana lilikuwa na joto kuliko lake.

Alijiona akiingia na trei. Alicheka, akamgusa Soud mkono. Alijiona akitoka. Ofisa alimwokoa mtoto, akamwokoa karani. Milio ya bunduki ilipoanza Bi Jokha aliangalia chini, kwa kuwa aliwahi kuisikia ya kweli na hakutaka kuifananisha. Kisha boi akaanguka mlangoni, na mwanamke aliyepakwa rangi akaja mbio, akamwangukia, akafungua mdomo.

Kilianza kwa kikohozi.

Soud alikijua kabla ya mama yake. Ukutani mdomo wa yule mwanamke ulikuwa unakwenda ovyo, haukuwiana na maneno, na maneno yalijaza ukumbi mzima kutoka kila pembe. Matar! Matar wangu! Boi katika filamu ile alikuwa anaitwa Juma tangu mwanzo mpaka mwisho, lakini ndani ya ukumbi ule nani wa kushtuka? Kwao yalikuwa ni makelele ya lugha ya watu wa mbali. Mtu mmoja nyuma alikuwa anapenga kamasi kwa huruma.

Bi Jokha alisimama.

"Hiyo ni sauti yangu," alisema. "Soud. Hiyo ni sauti yangu. Zimeni!"

"Shhh!" ukumbi ukamjibu.

"Zimeni! Mume wangu huyo! Ni mume wangu mimi!"

Mhudumu alikuja na tochi, akammulika usoni. Alimwambia, kwa heshima zote, kwamba watu wanataka kusikia, na kama hawezi kunyamaza itabidi atoke. Akamshika kiwiko. Wakati anaongozwa kwenye njia ya katikati, akiambiwa anyamaze, kilio chake kiliendelea kumpita juu ya kichwa. Nani atanisimulia, Matar?

*

Mista Garside alikuwa kwenye ukumbi wa nje na gilasi mkononi, pamoja na Derek. Alifungua mikono yote miwili.

"Mama! Unaona? Mwishowe ulikuja kwetu. Wewe ndiye kitu bora kuliko vyote katika filamu hii. Kila mtu anasema hivyo."

Soud alimtazama Derek. "Ulikaa kwetu," alisema. "Nilikubebea begi."

Derek aliangalia zulia. "Mimi ni fundi tu, Soud. Mimi huambiwa." Kisha, kama asiyejua aweke wapi ulimi wake, akaongeza, "Walikuwa watu wema sana."

"Mwambie akirudishe," Bi Jokha alimwambia mwanawe. Hakuwa akipiga kelele tena. "Mwambie nilikuwa nacho kimoja tu. Mwambie ni mwizi. Hilo neno usinifichie, nimekwisha kujua unavyonifichia."

Safari hii Soud hakuacha hata neno. Alilitoa lote, kwa Kiingereza chake cha Kilburn, na alipofika kwenye mwizi alilisema mara mbili.

Uso wa Mista Garside ulibadilika, lakini si kwa aibu. Ulikuwa uso wa mtu aliyetoa zawadi ikatupwa chini. "Kurudisha nini?" aliuliza. "Mbona sielewi. Hakuna mtu aliyepoteza kitu. Kilio bado anacho." Alimeza kinywaji chake. "Na wewe, Soud, Jumatatu usije."

"Sikuwa na nia ya kuja," alisema Soud.

Nje foleni ya onyesho la pili ilikuwa imeshazunguka kona. Watu walikuwa wamevaa vizuri, wengine wanakula peremende, wanacheka. Bi Jokha aliwafuata, koti la Matar likimburuzika, kila mmoja akimtazama usoni.

"No go," aliwaambia. "Please. No go inside. Inside is me. Is my husband."

Foleni ilisogea hatua moja. Bibi mmoja mwenye kofia ya manyoya alimwona yale machozi, akamhurumia kwa moyo wake wote. Alimpigapiga mkono, kisha akamgeukia mumewe.

"Nilikwambia inasikitisha," alisema. "Mtazame huyu."

Wakaingia. Nyuma yao wakaingia wengine, mpaka njia ikabaki tupu na milango ya vioo ikafungwa. Bi Jokha alishika mkono wa mwanawe.

"Wanaionyesha tena?"

"Sasa hivi, Mama."

"Na kesho?"

"Na kesho. Mchana na usiku. Na Manchester, na Glasgow."

"Na kila mara nitalia?"

Soud alitaka kumtafutia neno jengine lolote, na hakulipata.

"Kila mara, Mama," alisema.